Siku Yangu Abingdon na Gari la Miaka Hamsini

Tulikwenda Abingdon kwa basi, ingawa gari lilikuwa limeegeshwa mlangoni. Lilikuwa gari zuri, jekundu, lisilo na paa, la viti viwili. Binti wa miaka minane alilia kwa ajili yake, na baba yake alinuna tangu kituo cha basi mpaka tulipovuka mto. Mimi ndimi niliyekataza lisiguswe. Ndugu msomaji, naomba nikusimulie sababu yake, kisha wewe mwenyewe uamue kama nilikosea.

Mwezi Juni mwaka 2023 nilijaliwa kusafiri kwenda Uingereza kumtembelea mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Oxford. Mimi ni fundi makanika mstaafu. Kwa miaka mingi spana ndiyo iliyonilisha na kunisomeshea watoto, katika magereji ya Gerezani na Keko, jijini Dar es Salaam. Nilidhani nimekwenda kupumzika na kuona nchi za watu. Kumbe kazi ilinitangulia.

Asubuhi ya pili baada ya kufika, mpwa wangu alinishika mkono akanitoa nje. “Shikamoo Mjomba. Njoo nikuonyeshe mke mwenza,” alisema, huku mkewe akicheka dirishani. Akalivua gari turubai. Lilikuwa MGB la mwaka 1972. Alikuwa amelinunua miezi miwili kabla, kwa akiba aliyoiweka kidogo kidogo kutokana na zamu za usiku. Rangi iling’aa hata ukaweza kujitazama. Rimu zake zilikuwa za spoki, kama za baiskeli. Nakiri kwamba hata mimi moyo ulinidunda, kwa maana magari ya namna ile tuliyaona enzi za ujana wetu yakipita barabara ya pwani, na hatukuthubutu hata kuyagusa.

“Jumapili, Mjomba,” alisema, “mimi na binti yangu tutalipeleka Abingdon, lilikozaliwa. Ni kilomita kama kumi tu. Wewe na shemeji yako mtatufuata kwa basi, maana halina nafasi.”

Nikamwuliza, “Limekaguliwa lini?”

Akacheka. “Huku gari likishatimiza miaka arobaini halikaguliwi tena, Mjomba. Ni sheria.”

Nilidhani ananitania. Lakini nilipouliza zaidi nikaona kwamba amesema kweli, ingawa hakuisema kweli yote.

SHERIA NA MAZEE

Uingereza ilianza kukagua magari ya watu binafsi mwaka 1960. Mwanzoni yalikaguliwa magari yaliyotimiza miaka kumi, baadaye yaliyotimiza saba, na tangu mwaka 1967 kila gari lililofikisha miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka: breki, usukani, taa, matairi, mikanda ya viti na uimara wa bodi. Lakini kuanzia tarehe 20 Mei, 2018, gari lililopita miaka arobaini, na ambalo halikubadilishwa sehemu zake kuu, limesamehewa ukaguzi huo. Hoja ya waliolitetea jambo hilo ni kwamba mazee hayo hutembea kidogo, na wenyewe huyatunza kama mboni ya jicho.

Hoja hiyo si ya kubeza. Wako wenye magari ya zamani ambao huyapangusa na kuyapaka grisi kila wiki. Lakini sheria hiyo hiyo haikumwondolea mwenye gari wajibu wake. Akilitoa barabarani likiwa bovu, anashtakiwa kama mwingine yeyote. Tena anaruhusiwa kulipeleka kukaguliwa kwa hiari yake. Kwa hiyo kilichosamehewa ni karatasi. Breki hazikusamehewa, wala kutu haijui kusoma tangazo la serikali.

Nikamwambia mpwa wangu, “Nipe jeki, tochi na nguo mbovu. Leo Jumamosi tutaliangalia. Likiwa zima, kesho mtakwenda.”

CHINI YA GARI

Nilianza na matairi, kwa kuwa hayo hukaguliwa bila hata kupiga magoti. Yalikuwa meusi, mazuri, na meno yake yalikuwa marefu kuliko kipimo cha chini cha huko, ambacho ni milimita 1.6. Mpwa wangu alisimama akiwa na fahari. Nikamwonyesha ubavuni mwa tairi tarakimu nne: 1006. Tarakimu mbili za kwanza ni wiki, na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lile lilitengenezwa katika wiki ya kumi ya mwaka 2006. Lilikuwa na umri wa miaka kumi na saba! Gari la maonyesho halitembei, basi meno hayaliki; lakini mpira huzeeka hata ukiwa umelala, ukakauka na kufanya nyufa ndogo ndogo kama ardhi ya kiangazi. Tairi la namna hiyo laweza kupasuka au kuvuka tabaka lake katika mwendo. Tangu Februari 2021 nchi hiyo imekataza matairi yaliyopita miaka kumi katika magurudumu ya mbele ya malori na mabasi. Magari madogo ya binafsi hayakuhusishwa. Lakini mtoto aliye ndani ya gari dogo ana shingo moja kama aliye ndani ya basi.

Kisha nikagonga spoki moja moja kwa spana ndogo. Spoki iliyokaza hulia kama kengele. Iliyolegea hutoa sauti ya bati. Nikapata tatu zilizolegea katika gurudumu moja la nyuma.

Nikaliinua gari upande wa mbele na kuliweka juu ya stendi imara, kwa maana jeki peke yake haiaminiki hata siku moja. Nikashika gurudumu juu na chini nikalitikisa. Likacheza. Nikamwambia mpwa wangu akanyage breki, nami nikatikisa tena. Kucheza kukaendelea. Hapo fundi hupata jibu: kama ni beringi, breki ikikanyagwa mchezo hukoma, usipokoma, basi ni kingpini. Na kingpini za gari hilo zimetengenezwa ili zipigwe grisi mara kwa mara kupitia chuchu zake. Chuchu zile zilikuwa zimefunikwa na rangi mpya. Aliyelipaka gari rangi alipita juu yake kwa bunduki ya rangi, na tangu hapo hakuna aliyezifikiria.

Nikafika kwenye hozi za breki. Hapa, ndugu msomaji, mkono wangu ulitetemeka kidogo, na sababu yake nitaieleza. Hozi ya mbele kushoto ilikuwa imefura, na nilipoikunja ikaonyesha nyufa mpaka kwenye nyuzi za ndani. Hozi ya zamani ina hatari mbili. Ya kwanza ni kupasuka. Ya pili ni ya siri: mpira wa ndani huvimba ukaziba njia, mafuta yakapita ukikanyaga lakini yasirudi ukiachia. Gurudumu moja hubaki limeshikwa, na gari huvuta upande mmoja. Zaidi ya hayo, gari lile lilikuwa na njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Magari ya siku hizi yana njia mbili. Moja ikikatika, nyingine hubaki. Katika lile, hozi moja ikipasuka, kanyagio linazama mpaka sakafuni na kinachobaki ni breki ya mkono.

Mafuta yenyewe ya breki yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Mafuta hayo hunyonya maji kutoka hewani. Yakiwa mapya, ya daraja la DOT 4, hayachemki kabla ya nyuzi 230 za joto. Yakishanyonya maji, kiwango hicho huweza kushuka mpaka nyuzi 155. Mtu akishuka mlima huku akikanyaga breki, mafuta huchemka, povu huingia kwenye mipira, na kanyagio huwa laini kama godoro. Ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halikutembea.

KUTU YA NDANI

Mpwa wangu hakukata tamaa. “Hayo yote ni vipuri, Mjomba. Vipuri vinapatikana. Bodi je? Bodi ni kama mpya.”

Nikamwomba sumaku aliyobandikia orodha ya sokoni kwenye jokofu. Nikaizungushia kitambaa nisije nikachubua rangi, nikaipitisha chini ya mlango, kwenye boriti la pembeni. Ilinata, ikanata, kisha ikadondoka. Nikairudisha, ikadondoka tena. Urefu wa shubiri nzima haikunata kabisa. Hapakuwa na bati pale. Palikuwa na puti iliyosuguliwa vizuri na kupakwa rangi.

Inafaa nieleze kwa nini jambo hilo si la urembo tu. Magari mengi ya michezo ya zamani yalikuwa na chesisi, na bodi iliwekwa juu yake. MGB halina chesisi. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Na kwa kuwa halina paa, nguvu ya kuunganisha mbele na nyuma imekaa sakafuni, na zaidi ya yote katika maboriti mawili ya pembeni chini ya milango. Maboriti hayo yakiliwa na kutu, gari likigongwa hujikunja kama kopo. Kutu hiyo huanzia ndani, mahali ambapo maji ya mvua na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi hujificha, kwa hiyo jicho huiona ikiwa imechelewa.

Nilifanya jaribio la mwisho. Niliweka jeki chini ya mahali pake pa kuinulia, nikainua polepole, na kumwambia mpwa wangu afungue mlango. Mlango ukagoma. Gari lilikuwa limejipinda kwa uzito wake lenyewe.

Alikaa kwenye ukingo wa barabara, hakusema neno. Akiba ya zamu zake za usiku ilikuwa imekaa mbele yake, nyekundu, inang’aa. Wahenga walisema vyote ving’aavyo si dhahabu, lakini si rahisi kumwambia mtu methali wakati anapouguza hasara. Baadaye akaniambia, “Mjomba, ni kilomita kumi tu. Nitakwenda polepole.”

Ndipo nikamweleza lile ambalo sikuwahi kumweleza hata mama yake.

Mwaka 1984 nilikuwa fundi kijana. Wakati huo vipuri vilikuwa adimu kuliko sukari. Rafiki yangu, dereva wa gari dogo la abiria, aliniletea gari lake nikaze breki. Nikaona hozi moja ina ufa. Hozi mpya haikupatikana mjini, naye alikuwa na safari alfajiri. Nikaifunga kwa waya na mpira wa tyubu, nikamwambia, “Nenda polepole, ukirudi tutatafuta nyingine.” Alikwenda polepole. Hozi ilikatika mteremkoni, umbali mdogo tu kutoka nyumbani kwake. Alinusurika, lakini alipoteza mguu, na mwanamke mmoja aliyekuwa kando ya njia alipoteza maisha. Watu walisema ajali haina kinga. Rafiki yangu hakunilaumu mpaka alipofariki. Mimi nilijua kwamba ajali ile ilikuwa na kinga, na kinga hiyo ilikuwa ni mimi kusema hapana.

Mpwa wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akalifunika gari turubai. Hakuniambia kwamba nina haki. Alisema tu, “Basi la kwenda Abingdon huwa linapita kila mara.”

MJI WA MTONI

Abingdon ni mji mdogo, mtulivu, kando ya mto Thames. Treni za abiria haziendi huko tangu mwaka 1963, kwa hiyo wasio na gari hupanda basi. Ukishuka utaona mnara wa kanisa la Mtakatifu Helena ukichoma mbingu, na mabaki ya nyumba kubwa ya watawa iliyofungwa mwaka 1538. Katikati ya mji, juu ya nguzo za mawe, limesimama jumba la zamani la wilaya, lililojengwa kati ya mwaka 1678 na 1682. Wenyeji wana mila ya kuchekesha: siku za sherehe kubwa za kifalme, viongozi wa mji hupanda juu ya paa la jumba hilo na kuwarushia watu mikate midogo. Binti wa mpwa wangu alipoambiwa habari hiyo, machozi yalimkauka, akaanza kutazama juu.

Jumba hilo sasa ni makumbusho, na ndani yake limewekwa MGB la mwaka 1980. Kwa nini gari likae miongoni mwa vitu vya kale? Kwa sababu mji huu uliishi kwa magari. Mwaka 1929 kampuni ya MG, iliyozaliwa katika gereji za bwana William Morris mjini Oxford, ilihamia hapa katika sehemu ya kiwanda cha ngozi. Mtu aliyeianzisha alikuwa Cecil Kimber, meneja wa gereji hizo. Wafanyakazi wa Abingdon waliunda magari ya michezo ambayo hata karani au fundi aliyejibana angeweza kuyanunua. MGB peke yake, tangu mwaka 1962, liliundwa zaidi ya nusu milioni. Mwezi Oktoba mwaka 1980 kiwanda kilifungwa, na watu wengi wakapoteza kazi.

Tulitembea kwa miguu mpaka kilipokuwa kiwanda, upande wa barabara ya Marcham. Leo pamejaa majengo ya biashara na nyumba. Karibu na hapo ipo ofisi ya chama cha wapenzi wa magari ya MG, kilichoanzishwa mwaka 1930, na nyumba yenyewe imepewa jina la Kimber. Nje palikuwa na magari matatu ya zamani, na wazee wawili waliokuwa wamefungua boneti la mojawapo. Lugha yangu ya Kiingereza si nyingi, lakini lugha ya spana ni moja duniani. Nilipowaonyesha kwa mikono jinsi sumaku ilivyodondoka, mmoja wao alifumba macho kama mtu aliyesikia habari ya msiba.

Wazee hao ndio walioniambia kauli ambayo kampuni hiyo iliitangazia magari yake tangu enzi za Kimber. Ilikuwa ya maneno mawili tu, nasi kwa Kiswahili tungeweza kusema: Mbio kwa Usalama. Maana yake ni kwamba gari liwezalo kukimbia ni lazima kwanza liweze kusimama na kushika njia. Na Kimber mwenyewe, aliyeuza mbio maisha yake yote, hakufa garini. Tarehe 4 Februari, 1945, alikuwa abiria katika treni iliyoondoka stesheni ya King’s Cross, London. Injini ilishindwa mlima ndani ya handaki, magurudumu yakateleza, treni ikarudi nyuma na behewa la mwisho likapinduka. Watu wawili walikufa, naye akiwa mmoja wao. Mpwa wangu aliposikia hayo, kwa mara ya kwanza siku ile, alinitazama usoni.

Mmoja wa wale wazee akatuelekeza kwa mchomeleaji anayeyajua maboriti ya magari hayo. Tulirudi Oxford jioni, binti amelala mapajani mwangu.

UKAGUZI WA HIARI

Nilirejea nyumbani mwezi Julai. Mpwa wangu aliniandikia kila hatua. Maboriti yalikatwa na kuwekwa mapya. Yaliondolewa matairi yote, hozi zote za breki, na pia hozi za petroli, kwa kuwa tangu mwaka 2021 petroli ya kawaida huko huchanganywa na ethanoli mpaka asilimia kumi, na ethanoli hula mpira wa zamani. Kingpini zilibadilishwa. Mikanda ya viti, iliyokuwa imechanika pembeni, ilitupwa. Kizima moto kidogo kiliwekwa chini ya kiti.

Alipomaliza, alilipeleka kukaguliwa ingawa sheria haikumlazimisha. Likaanguka! Mashine ilionyesha kwamba breki ya mkono ilishika gurudumu moja la nyuma kuliko la pili. Jambo hilo mimi sikuliona, pamoja na miaka yangu yote chini ya magari. Nafurahi kulikiri hapa, kwa maana linafundisha: hata anayekagua anahitaji mwingine wa kumkagua. Baada ya wiki moja lilirudishwa likafaulu.

Huenda msomaji wa Temeke au Magomeni atauliza: gari la anasa la Waingereza lanihusu nini? Sisi nasi tunapanda magari yaliyozeeka, tena mengi yamefika kwetu yakiwa yamekwisha kutumika kwingine. Stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo ni jambo jema, lakini kioo hakishiki breki. Kabla ya kusafiri na watoto, soma tarakimu nne za tairi. Kanyaga breki gari likiwa limesimama, uhesabu mpaka thelathini. Kanyagio likizama, usiondoke. Tazama rangi ya mafuta ya breki. Vuta mkanda wote mpaka mwisho uukague. Na fundi akikuambia “nenda polepole, ukirudi tutaangalia,” mwulize kama angempakia mwanawe.

Mwezi Oktoba simu yangu ililia. Ilikuwa sauti ya binti, na nyuma yake mngurumo wa injini iliyokuwa ikizimwa. “Shikamoo Babu,” alisema. “Tumefika Abingdon. Baba amekwenda polepole sana, basi limetupita mara mbili.”